Kigoda cha Kuchekea

Kandida, mke wa Leonsi wa Nakwa, alikuwa na kipaji cha kulala. Watu hulala kanisani, wahubiri wamekwisha kuzoea. Kandida alilala kwenye mashine ya kusaga, amesimama kwenye foleni, injini ikinguruma na debe la mahindi likiwa kichwani. Debe likamwagika. Wenye huruma walisema ni uchovu wa kulea. Wengine walisema wanayosema watu.

Usingizi ungesameheka. Kilichomponza ni kicheko. Akicheka kweli kweli, taya lilimlegea, shingo ikafuata, kisha magoti, na Kandida huyo chini kama kanga iliyoponyoka kwenye kamba. Baada ya dakika moja aliinuka, akajikung'uta vumbi. Mama mkwe wake, Emerensiana, hakuhitaji daktari: kifafa. Alipoulizwa mbona hatetemeki wala hatoi povu, alijibu kwamba ugonjwa bado mchanga.

Zikafuata taratibu za kifafa kama zilivyorithiwa. Asikaribie moto. Asiteke maji. Awe na sahani yake na kikombe chake. Na asimbebe mtoto. Coletha, miezi mitano, akahamia mgongoni kwa bibi yake. Aliletwa kunyonya, mama akiwa ameketi mkekani, kisha akachukuliwa kama kitabu cha kuazima. Kandida angevumilia sahani. Mgongo mtupu ulimshinda.

Siku moja mchana walikuwa wakichambua mbaazi uani, jirani yao Bernadetha akaingia na habari za mnada wa mazao baada ya ibada.

"Mzee Filipo kapeleka jogoo sadaka, halafu kamwonea uchungu. Akaanza kumnunua! Kila akitaja bei, mtu nyuma ya nguzo anaongeza. Mzee kakasirika, kaenda kuchungulia. Mkewe!"

Kandida alijitahidi kufikiria misiba. Haikusaidia. Alianguka kifudifudi juu ya ungo, mbaazi zikatawanyika. Bernadetha, aliyeamini kwamba kifafa huambukiza kwa mate, alitoka mbio na kuacha ndala moja.

Emerensiana naye aliamini hivyo hivyo. Hakukimbia. Alimgeuza mkwewe, akampakata kichwa, akaanza kusema na Mungu kama mtu asemaye na mwenyekiti wa kitongoji.

"Baba, mtoto wake nimemnyang'anya mimi. Kama ni dhambi, niandike. Lakini dada yangu alianguka motoni na mwanawe mgongoni, nami nilikuwepo. Huyu simtaki motoni. Ugali wake ni mbaya, ni kweli, lakini watu hawafi kwa ugali."

Kandida alilala kama gogo, akisikia kila neno.

Juma lililofuata Leonsi aliwapakia kwenye bajaji yake, akawapeleka kwa Daktari Gerson, mtaalamu wa ubongo aliyefika mjini mara moja kwa mwezi.

"Ukianguka, unajua kinachoendelea?" daktari aliuliza.

"Hajui kitu," akajibu Emerensiana.

"Nasikia yote," alisema Kandida.

"Mwanangu, usimdanganye daktari."

"Mama, ulisema ugali wangu ni mbaya, lakini watu hawafi."

Emerensiana alitazama sakafu. Alikuwa akipitia yale mengine aliyoyasema. Kandida hakuyataja. Daktari aliweka kalamu chini, akiwa na furaha isiyo na adabu ya mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

Hicho si kifafa, alisema. Chini kabisa ya ubongo kuna seli chache, elfu sabini hivi kati ya mabilioni, zinazotengeneza kemikali iitwayo oreksini. Kazi yake ni kama ya mtu anayeushikilia mlango usipigwe na upepo: ukiamka, ubaki macho. Tunapoota, ubongo huifungia misuli, ili anayeota anakimbizwa na fisi asitoke mbio kweli. Kwa Kandida seli hizo zimekufa, mshika mlango hayupo. Usingizi unajiingilia mchana, na ule ulegevu wa ndotoni unamkuta akiwa macho, hasa akifurahi.

"Seli zenyewe zimeuawa na nani?" aliuliza Emerensiana.

"Inaelekea ni walinzi wa mwili wenyewe, mama, wale wa kupigana na maradhi."

"Mgambo," alisema Emerensiana, ambaye aliwahi kuuza mchicha kando ya barabara. Tangu hapo hakuhitaji maelezo zaidi.

Dawa ya kuponya haipo. Kipo kidonge cha kupunguza kuanguka, na agizo la kulala mara mbili mchana, amri ambayo Kandida aliipokea kwa utii mkubwa. Walipofika nyumbani, Emerensiana alifungua mbeleko mwenyewe, akamfunga Coletha mgongoni kwa mama yake, akakaza fundo mara tatu. Akatoa sharti moja: mwenye kichekesho alete kwanza kigoda.

Nakwa wakazoea. Hata Bernadetha, alipofuata ndala yake, aliuliza kigoda kiko wapi.

Jioni moja Emerensiana mwenyewe alikileta. Kandida akaketi, mtoto mapajani. Bibi akasimulia kifo cha mchicha wake mikononi mwa mgambo, uso mkavu kabisa, na kichwa cha Kandida kikaanguka kifuani. Emerensiana alimshika mtoto kwa mkono mmoja, bega la mkwewe kwa mwingine, akangoja.

"Najua unanisikia," alisema. "Ugali wa leo ulikuwa mzuri."

Taya liliporudi, neno la kwanza la Kandida lilikuwa, "Asante, Mama. Kwa yote niliyoyasikia."

"Nilisema mzuri," alijibu Emerensiana, akimrudishia mtoto. "Sikusema mzuri sana."