Mtori wa Shangazi

Nilipoanza shule ya jioni nilikuwa mnene hasa. Nikikaa mwisho wa benchi, wenzangu wa upande wa pili wananing'inia hewani. Mchumba wangu, tuliyesoma naye darasa moja, ndiye aliyenishawishi tuwe tunakimbia asubuhi, kutoka Sakina kupanda kuelekea Olmotonyi. Yeye alichoka wiki ya kwanza. Mimi nikaendelea, mpaka Mlima Meru wenyewe ukawa unaniamkia shikamoo.

Mwili ukapungua, miguu ikawa chuma. Sijawahi kuwa mzima kama mwaka ule.

Posa ilipokaribia, shangazi yake mchumba wangu akaja naye nyumbani kwetu kuniangalia. Alinizunguka kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani.

"Mwanangu, mbona umeisha hivi? Unatumia dawa gani?"

"Siumwi, shangazi. Nakimbia."

"Nani anakukimbiza?"

Nikamtazama mchumba wangu aseme neno moja tu, maana alijua kila kilima nilichopanda. Aliangalia viatu vyake, kitambi kimemlalia mapajani kama mtoto aliyeshiba.

Kesho yake shangazi akanitumia chupa ya mtori, ule mzito wa ndizi, nyama na siagi wanaopewa waliojifungua na wagonjwa. Ilikuwa pole yake. Posa haikuja.

Niliunywa wote, mtamu kweli, nikalia hadi Mto Themi ukafurika.

Juzi mwanamume yule kaniandikia. Daktari kamwambia apunguze tumbo. "Dada, siku hizi unakimbia saa ngapi?"

Nikamjibu kwamba naumwa.