Shikamoo ya Darajani

Baba yangu ni mwenyekiti wa mji wetu mdogo, huku milimani juu ya Mombo. Ng'ambo ya kijito kuna mji mwingine mdogo, nao una mwenyekiti wake. Miji hiyo ilikubaliana kujenga daraja la pamoja na soko la pamoja, na ajabu ni kwamba hakuna aliyegombana. Daraja likaisha. Ikabaki kukata utepe tu.

Siku hiyo nilikuwa na lori la kenta lililojaa matenga ya plamsi zilizoiva kupita kiasi. Barabara ya zamani ilikuwa imefungwa na maporomoko. Kama zisingevuka daraja hilo mapema, msimu wangu wote ungekwenda na maji.

Wenyeviti wakasimama, kila mmoja kwenye mwisho wake wa daraja, makoti yamefungwa vifungo vyote. Wakatazamana. Hakuna aliyesogea. Kumbe tatizo lilikuwa shikamoo. Atakayeamkia ndiye mdogo, na mwenyekiti akiwa mdogo basi na mji wake ni mdogo, na soko litaitwa kwa jina la mkubwa. Kamati zikakaa vikao, kila moja upande wake. Zikapendekeza waamkiane kwa pamoja. Kila mmoja akamsubiri mwenzake aanze. Zikapendekeza wapungiane mikono. Watu wakaguna, tumekuwa Wazungu? Jua likapanda, plamsi zikaanza kuchuruzika. Nilitamani kuwatukana wote wawili, lakini mmoja ni baba yangu.

Dereva wangu ni Mzigua, mtani wetu sisi Wasambaa. Akazima redio, akatoa kichwa dirishani.

"Nyie watumwa wangu! Bwana wenu nimekaa hapa tangu asubuhi, hamniamkii?"

Watu wakaangua kicheko. Mtani hakasirikiwi. Wazee wote wawili, wakicheka, wakainama: "Shikamoo, bwana mkubwa!"

"Marahaba, wajukuu zangu."

Akakanyaga mafuta. Utepe ukaondoka na bampa hadi Mombo.

Nusu ya plamsi nilizimwaga. Jioni nikamuuliza baba, hasira bado zimenijaa: "Kwani kati yenu mkubwa nani?"

"Yeye," akajibu bila kusita. "Kijito kile alinivusha mgongoni nikienda shule. Tukiwa wawili, namwamkia."

"Sasa leo?"

"Leo sikuwa mimi, mwanangu. Leo nilikuwa mji."

Nikamwekea mbele bakuli la plamsi zilizopasuka. Akazila zote.