Kidole cha Nashon

Mume wangu Nashon aliosha vyombo miaka minane katika hoteli moja ya Kisumu. Mwaka 1965 alirudi kwetu Kendu Bay na chupa ya hamira aliyopewa na rafiki aliyefanya kazi kiwanda cha bia, akatangaza kwamba huko hotelini alikuwa "upande wa vinywaji."

Kaka yangu Nicodemus alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, wewe ni mwosha vyombo tu!" Alimwita hivyo hata mbele ya wageni, na Nashon aliumia, niliona. Basi akaapa kupika lager, ile bia ya chupa, amnyweshe Nicodemus Jumapili mpaka ayameze maneno yake.

Jumatatu alichemsha shayiri iliyoota, akatumbukiza kidole, akasema imepoa. Akamimina hamira. Lager hupenda baridi, kwa hiyo alikizika chungu kwenye mchanga wa ziwani na kukifunika kwa gunia lililoloweshwa maji.

Jumatano, hakuna povu. Alhamisi akaweka sikio kwenye chungu, akaamua kimeshikwa na baridi, akakifukua na kukivika blanketi langu la harusi. Blanketi langu! Ijumaa akasema sasa kimepata joto jingi, akakizika tena. Jumamosi nilimkuta anakiimbia.

Hapo nikamwita Awino, mpika pombe ya mtama ambaye walevi wote wa kwetu wanamjua. Akanusa, akaonja, akatema, akanigeukia.

"Mama Pauline, hii ni uji tamu. Hamira imekufa. Nani alipima joto?"

"Mimi," Nashon akasema. "Kwa kidole."

Awino alichota maji jikoni, mvuke bado unapanda. "Hebu weka mkono."

Nashon akazamisha mkono mzima. "Haya si yamepoa?"

Awino akagusa kwa ncha ya kidole, akaruka. "Uwi, mayo!"

Kumbe miaka minane ya maji moto ilikuwa imempa mikono isiyosikia kitu. Hamira ya watu alikuwa ameichemsha.

Jumapili Nicodemus akafika na mkewe, Roseline. Tukamimina kilichokuwepo.

"Mwosha vyombo," akasema Nicodemus, "hii ni bia ama dawa ya kikohozi?"

Nashon akainamisha kichwa. Mimi nikapandwa na hasira. "Nicodemus, zile ng'ombe saba ulimlipia Roseline zilitoka wapi?"

"Si zilikuwa za mahari yako?"

"Na Nashon alizinunua kwa kazi gani?"

Roseline akamgeukia mumewe, akangoja jibu. Nicodemus akamaliza kikombe, akaomba kingine, akakimaliza nacho. Halafu yeye, ambaye hajawahi kuosha hata kijiko, akakusanya vikombe vyote na kuingia jikoni.

Tukasikia yowe.

"Maji yanachoma!"

Nashon akamfuata, akazamisha mkono kwenye karai.

"Shemeji," akasema kwa upole, "mbona yamepoa."