Uso wa Babu Kwenye Sarafu ya Mgiriki

Niliondoka Kiseke, Mwanza, Jumamosi asubuhi kwa sababu moja: nilitaka kuuona uso wa mtu wa kwetu. Wazazi wangu walikufa bila kuacha picha, mke wangu aliondoka zamani. Ng'ambo ya ziwa amebaki shangazi, mwenye sarafu ya fedha ambayo Mgiriki mwenye kinu cha pamba alimzawadia babu, mfanyakazi wake. Ilikuwa na kichwa cha mwanamume aliyetazama upande, nywele zimefungwa utepe. Utotoni tuliambiwa ni babu, alichorwa na Mzungu wake. Baadaye nikawa mwalimu wa historia, nikatambua kuwa ni mfalme wa Wagiriki wa kale. Hata hivyo nilimtaka huyo huyo. Babu mwingine sina.

Saa tatu nilipanda kivuko cha Kamanga. Abiria walipeana karanga na habari za misiba. Mimi hakuna aliyenijua, nikasoma maandishi ya kwenye boya mpaka nikayakariri.

Kamanga nilishuka, nikatembea nusu saa hadi kwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Leo umeikumbuka njia?"

Nikacheka kwa aibu. Ilikuwa imepita miaka tisa.

Baada ya chakula akaniletea sarafu kwenye sahani. Iling'aa kama sufuria mpya. Nikaigeuza, nikaigeuza tena. Uso haukuwapo, lilibaki sikio na kipande cha utepe.

"Kila mgeni akija naisugua kwa majivu na mchanga, pamoja na masufuria," alisema kwa fahari. "Babu yako asionekane mchafu mbele ya watu."

Nilitaka kulia, mzee mzima. Wageni wa miaka tisa walimmaliza kidogo kidogo, nami sikuwa mmoja wao.

"Shangazi, uso umefutika."

"Umefutika wapi? Hebu geuka, utazame ziwani."

Nikageuka. Akauangalia uso wangu kwa upande, muda mrefu.

"Si huyu hapa?"

Habari ya mfalme nikaimeza.

Jioni, kwenye kivuko cha kurudi, nilimwomba mama aliyeketi jirani anipige picha kwa simu yangu. Nikatazama upande.

"Mzee, angalia huku basi."

"Nipige hivi hivi, mama."

Safari hiyo ilinifunza jambo lililoniuma: amebaki mtu mmoja tu anayeweza kunitazama akawaona watu wetu. Nikapitia majina yote kwenye simu nikitafuta wa kumtumia ile picha, mpaka tukafika Mwanza. Shangazi hana simu.