Bastola Iliyoitwa Bubu

Zamani mtu alikabidhiwa bastola baada ya mkono wake kujulikana. Siku hizi anakabidhiwa baada ya kupigwa picha ya kitambulisho.

Katika hiyo zamani alikuwapo mlinzi mmoja wa kampuni ya kusafirisha fedha, mrefu, mwembamba, shingo ikitangulia na mwili ukifuata. Wenzake walimwita Mlingoti. Kazi yake ilikuwa kukaa kiti cha mbele cha gari la chuma, bastola kiunoni, na kushuka wa kwanza kila gari liliposimama mlangoni mwa benki. Dereva wa gari hilo alikuwa mume wa dada yake. Dada mtu ndiye aliyewaombea wapangwe pamoja, maana, alisema, mume wa mtu huchungwa na ndugu, hachungwi na mgeni. Mlingoti aliitikia kwa kichwa, na neno hilo likamkaa begani kama mtoto aliyebebwa na kugoma kushuka.

Kwa sababu ukweli ni kwamba Mlingoti hakujua kupiga shabaha. Siku ya kuajiriwa bahati ilivuma upande wake. Baada ya hapo, kila mwaka walinzi walipopimwa uwanjani, risasi zake zilikwenda kushoto na chini, kushoto na chini, kama zimeitwa huko na jamaa zao. Aliposhindwa mara ya pili, mkuu wa walinzi alimwambia, macho yakiwa bado ndani ya kikombe cha chai, kwamba akishindwa tena atapelekwa kwenye lango la bohari akainue na kushusha kizuizi, na kiti chake garini atakaa mwingine.

"Watanipa nani?" shemeji yake aliuliza jioni hiyo, wakiosha magurudumu.

"Labda yule mpya."

"Yule anayesinzia mdomo wazi?"

"Huyo huyo. Lakini analenga."

"Akiwa macho." Shemeji alikamua kitambaa. "Sikiliza, shemeji. Mimi sikutaki kwa uzuri wa sura, maana huo hukuletewa. Ila nimezoea kuogopa pamoja na wewe. Nikianza kuogopa na mgeni, nitakosea gia."

"Nitajaribu."

"Usijaribu. Siku wakitutokea, ukipiga ukuta, ujue ukuta ni mimi. Na dada yako utamweleza mwenyewe."

Walicheka, kama mashemeji wanavyochekeana. Lakini usiku Mlingoti hakucheka.

Wenzake wa kantini, ambao kwa maneno hakuna aliyewahi kukosa shabaha, walimhakikishia kwamba bastola yake ndiyo iliyopinda. Hilo lilimfaa. Asiyejua kucheza hupenda kusikia kwamba uwanja una mawe. Juu ya bastola, mwishoni mwa mtutu, kuna kinundu kidogo, na nyuma, karibu na jicho, kuna kipande chenye pengo. Mlengaji hukiweka kinundu katikati ya pengo. Mlingoti alitafuta kinyundo, akakigonga kile kipande cha nyuma, kidogo tu, kielekee kulia. Alipoona risasi bado zinakwenda kushoto, akakigonga tena. Hakumwambia mtu.

Kisha, kwa sababu mtu anayezama hashiki jani moja, alikwenda pia kwa Sajini.

Sajini alikuwa mwanajeshi mstaafu aliyetunza uwanja wa shabaha wa kampuni. Aliishi papo hapo, katika nyumba ya vyumba viwili yenye baraza lililotazama tuta refu la udongo ambako risasi zote ziliishia. Aliishi na mkewe, nesi wa zahanati ya watoto, ambaye walinzi wote walimwita Mama. Hakuwa na darasa lenye viyoyozi wala cheti cha rangi. Alikuwa na tuta, ubao wa kubandikia karatasi, na muda. Muda ndio uliotoweka kuliko vyote. Leo mlinzi hufundishwa kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, wenzake wakimpiga picha, na anarudi nyumbani akijiona shujaa.

"Risasi zako zinakwenda wapi?" Sajini alimuuliza.

"Kushoto, Sajini. Na chini."

"Na wewe ukilenga unatazama wapi?"

"Kwenye shabaha."

"Ndiyo hapo. Shabaha haikimbii, mwache aliyeibandika aitazame. Wewe tazama kinundu. Kinundu kikiwa wazi na shabaha ikiwa na ukungu, hapo umelenga. Kesho ukitoka kazini uje. Bastola yako iache ghalani, na risasi usije nazo."

Kesho yake Sajini alitoa ndani ya kitambaa bastola kuukuu. Msumari wake wa ndani, ule unaoigonga risasi, ulikuwa umeng'olewa miaka mingi, hivyo haikuweza kulipuka hata kwa kuombwa. Jina lake Bubu. Hata hivyo Sajini aliifungua, akachungulia kama imo risasi, akampa Mlingoti naye achungulie.

"Si umesema ni bubu?"

"Bubu naye ana heshima zake. Humwelekezi mtu. Na kidole kinakaa nje mpaka macho yawe tayari. Ukimzoea vibaya huyu, utamzoea vibaya na yule anayesema."

Wakaanza. Miguu upana wa mabega, magoti yamelegea, mwili umeegemea mbele kidogo kama mtu anayesukuma mlango mzito. Mkono wa kulia ushike juu kabisa ya mpini, wa kushoto uzibe nafasi yote iliyobaki na ubane kuliko wa kulia. Kifyatuo kiguswe kwa nyama ya ncha ya kidole. Ukikiingiza kidole mpaka kwenye kiungo kitavuta pembeni. Mlingoti alizoea kusimama kama anayengoja kupigwa picha, na Sajini alimsukuma kifuani kwa vidole viwili, akarudi nyuma hatua nzima.

"Umeona? Mimi mzee nimekusukuma kwa vidole. Bastola itakufanyaje?"

Alipojua kusimama, Sajini alichukua kifungo cha shati kutoka kwenye kopo la Mama, akakilaza juu ya mtutu, nyuma tu ya kinundu. Mlingoti abonyeze mpaka Bubu alie tak, na kifungo kisianguke.

Kilianguka. Kilianguka jioni hiyo na jioni zilizofuata. Mama alikuwa akikaa pale barazani akishona sare za mumewe, na kila kifungo kilipobingirika mpaka miguuni pake alikiokota na kukirudisha bila neno, jambo lililomuuma Mlingoti kuliko matusi. Alipopita kwa dada yake, dada alimpakulia chakula bila kuuliza habari za mtihani, na hilo nalo lilimuuma.

"Huyu anaingoja," Sajini alisema mwishowe, amechoka. "Bubu hana hata sauti, lakini yeye anaungoja mshindo. Anajikunja kabla haujaja. Mtutu unapiga magoti."

"Amejikaza kama watoto wangu wa zahanati," Mama alisema, akikata uzi kwa meno. "Hebu niachie mimi."

"Wewe utamfundisha bastola?"

"Bastola siijui. Kuogopa nakujua."

Alikuja akasimama pembeni ya Mlingoti, sindano ya kushonea ikiwa bado imechomekwa kifuani. Alimweleza kwamba manesi wasiojua kazi humhesabia mtoto moja, mbili, tatu, ndipo wachome, na mtoto huanza kulia kwenye mbili. Yeye hakuwahi kuhesabu. Alimuuliza mtoto habari za paka wa kwao, ana mkia au hana, analala kwa nani, na mtoto akiwa bado anatafuta jibu, Mama alikuwa ameshasukuma dawa yote, taratibu, akasema, "Imeshaingia."

"Wewe unajihesabia kimoyomoyo," alisema. "Nakuona kwenye taya. Ukifika tatu unakaza. Sasa usihesabu. Lenga. Unaona nini?"

"Kinundu."

"Kikoje?"

"Cheusi."

"Chote?"

"Juu kimechubuka, Mama."

"Anza kubonyeza, taratibu, kama dawa inavyosukumwa. Usisimame, usiharakishe, na usitake kujua lini. Kimechubuka upande gani?"

"Upande wa... kama wa kulia, halafu kuna..."

Tak.

Kifungo kilikuwa kimelala palepale juu ya mtutu.

"Imeshaingia," Mama alisema, akarudi kwenye ushonaji wake.

Sajini alikohoa. "Miaka yote hii nimeoa silaha, na sikujua," alisema.

Tangu hapo Mlingoti hakulala bila kufanya mazoezi hayo. Nyumbani hakuwa na Bubu, basi alinyoosha mikono mitupu ukutani, akachagua doa la rangi, akalitazama na kukunja kidole polepole mpaka mkewe akamuuliza kama ukuta una deni lake. Barazani aliendelea kidogo kidogo kila jioni, maana Sajini hakuruhusu mtu afanye mpaka achoke. Alisema mkono uliochoka unajifunza uchovu. Hata baada ya tak alimtaka abaki amelenga, akitazama kinundu kilipotua, bila kuchungulia shabaha kama mpishi anayefunua sufuria kila mara.

Hatimaye, siku moja kabla ya mtihani, Sajini alimruhusu achukue bastola yake mwenyewe ghalani na risasi za kweli, na katikati yake akachanganya za bandia bila kumwonyesha mpangilio. Mlingoti akapiga. Ilipofika ya bandia bastola ilibaki kimya, na mtutu haukutikisika. Sajini alitabasamu. Walikwenda pamoja kwenye karatasi, na tabasamu likasimama.

Matundu yalikuwa yamekaa pamoja, yamebanana kama vifaranga kwenye baridi, kiganja kingeyafunika yote. Lakini yalikuwa kulia, nje kabisa ya duara jeusi.

Sajini aliichukua bastola, akaitoa risasi, akakisogeza kile kipande cha nyuma karibu na jicho. Juu ya chuma palikuwa na alama ndogo zinazong'aa.

"Nani kaigonga hii?"

"Mimi, Sajini. Kwa kinyundo."

"Kwa hiyo mkono wako ulipokuwa unakwenda kushoto, ukaifundisha bastola kwenda kulia. Sasa mkono umetubu, bastola bado inasema uongo uliouagiza wewe."

"Samahani, Sajini. Utaniripoti?"

Lilikuwa kosa la kufukuzwa kazi, na wote wawili walijua. Kesho kiti kile kingekuwa cha yule anayesinzia. Sajini aliigeuza bastola mkononi kwa muda.

"Nikiandika, watakufukuza wewe na kuniachia kazi ya nyundo," alisema. "Mimi nyundo ninayo. Twende."

Mezani alitoa kipande cha shaba, akakiegemeza kwenye kile chuma, akakigonga kurudi katikati, akipima kwa jicho na kwa karatasi mpya, mpaka wale vifaranga walipohamia ndani ya duara. Mama alileta chai. Hakuna aliyelizungumzia tena jambo hilo, siku hiyo wala baadaye. Kuna watu waliokuwa wakisamehe namna hiyo, kwa kufanya kazi iliyobaki. Siku hizi msamaha hutolewa kwa hotuba, na bastola inabaki imepinda.

Mtihani ulisimamiwa na bwana mmoja kutoka makao makuu. Mlingoti alisimama, akaegemea mbele, akakitazama kinundu cha bastola yake, kipya, kisicho na mchubuko, akatafuta neno la kumwambia Mama kukihusu. Alikuwa bado analitafuta mshindo ulipotoka.

Shemeji alikuwa akimngoja nje, ameegemea gari.

"Vipi?"

"Zimekaa."

"Zote?"

"Moja imetoka kidogo."

"Hiyo ni yangu, usinisahau," shemeji alisema, akamfungulia mlango wa kiti chake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya na hakulirudia.

Mlingoti alikaa kiti kile mpaka alipostaafu, na hakumpiga mtu risasi hata siku moja. Jambo hilo ndilo alilolishukuru kuliko karatasi yoyote yenye matundu. Mara moja, wakishusha masanduku mlangoni mwa benki, mshindo ulipasuka nyuma ya gari. Bastola ilitoka, macho yakakipata kinundu, na nyuma ya kinundu, kwenye ukungu, palikuwa na mtu kwenye pikipiki iliyopasuka tairi, mikono juu. Kidole cha Mlingoti kilikuwa nje, kimenyooka kando ya chuma. Mkono wa zamani, ule unaojikunja kwa kila mshindo, ungemuua. Jioni hiyo alikwenda barazani kwa Sajini, akakaa, akanywa chai, akashindwa kueleza alichokuja kusema. Mama alimwongezea sukari.

Kisha kampuni iliuza uwanja. Tuta lilisawazishwa ili malori yapate pa kuegeshwa, Bubu akarudishwa ghalani akiwa na karatasi shingoni kama mfungwa, na Sajini akaambiwa ahame. Mlingoti na shemeji yake walikwenda kupakia vyombo kwenye lori la kukodi. Havikuwa vingi: kitanda, meza, cherehani, kopo la vifungo. Sajini alikagua kamba za mzigo moja moja, akampa Mlingoti mkono, akapanda mbele.

Mama aliketi dirishani. Mlingoti alishika ukingo wa mlango. Njia nzima alikuwa amejipangia maneno, ya shukrani kwa ajili ya kiti kile, kwa ajili ya dada yake asiyekuwa mjane, na kwa ajili ya mtu wa pikipiki ambaye hakujua jina lake. Alivuta pumzi, taya likakaza.

Mama alimtazama.

"Ule ukuta wa kwako," alisema, "lile doa ulilokuwa ukililenga, mlishapaka rangi?"

"Bado, Mama. Mke wangu alitaka, nikamwambia aliache, maana..."

"Liko upande gani wa dirisha?"

"Upande wa... ukiingia, kama mkono wa kushoto, juu ya kile kiti cha..."

Alipoinua macho mkono wake ulikuwa umeshika hewa. Lori lilikuwa limeshafika kwenye kona, na dirishani palikuwa na mkono mmoja mwembamba umenyooshwa nje, kidole gumba juu ya vidole viwili, ukisukuma dawa isiyoonekana, taratibu.