Utomvu Ukurasani

Mama wa maktaba pale kijijini Ndama hukagua mikono ya wasomaji kwa ukali kuliko mwalimu wa zamu. Hata diwani na tai yake huambiwa, "Kanawe kwanza, baba." Siku hizi ameletewa kompyuta, kazifunika vitambaa alivyodarizi mwenyewe, na mikono bado anakagua.

Jana Adelgunda aliingia akihema, ndizi mkononi. "Shikamoo, mama. Migomba inanyauka, na wanangu hawana chakula kingine." Mama hakutazama mikono. Alifungua kitabu cha magonjwa ya migomba, akaipasua ndizi juu ya picha. Ndani ilikuwa kahawia vilevile kama pichani. "Leo hii ng'oa iliyougua. Kisu kipitishe motoni, usiambukize mizima." Adelgunda akaanza kufuta utomvu ukurasani kwa khanga.

"Acha," mama alisema. "Anayefuata ajue pa kufungua."