Sahihi Niliyoweka Mlangoni

Wiki jana kaunti ilituita wakazi wa Majengo tutoe maoni kuhusu mpango wa kubomoa vibanda vya barabarani. Kimoja ni cha mama. Mitumba ya hapo ndiyo iliyonisomesha hadi chuo kikuu.

Mlangoni mwa ukumbi uliweka sahihi kwenye karatasi, ukapewa soda na mkate. Niliweka yangu huku nikiwatania waliokuwa nyuma: "Wazee, someni sera kabla ya kupiga makofi."

Nilipopewa nafasi, niliongea kwa adabu. "Bwana afisa, huu mpango ni kama kutibu kikohozi kwa kumfukuza mgonjwa hospitalini." Ukumbi ulicheka, afisa pia. Nikaketi nikijiona wakili wa Majengo.

Afisa akainua karatasi za mlangoni. "Asante kijana, umetuchekesha. Lakini hapa juu imeandikwa, 'Sisi tunaounga mkono mpango huu.' Jina lako ndilo la kwanza."

"Ati huyu ndiye amesoma?" mzee mmoja akauliza.

Mama alisimama polepole. "Nilikuuliza imeandikwa nini," akaniambia mbele ya wote. "Si ulisema niweke tu, ni ya soda?"